Sauti ya Arobaini na Moja

Katika basi la asubuhi mjini Pune, Vaidehi alikaa nyuma ya Omkar na Rucha. Walisoma naye darasa moja, ila hawakumsalimu, maana hawakumjua.

"Kesho nalala, uniitikie namba yangu mahudhurio yakiitwa," Omkar alisema. "Mwalimu mwenyewe hainui macho kwenye daftari."

"Nimechoka kutoa sauti nzito kama fahali kwa ajili yako. Mwombe yule wa arobaini na moja."

"Arobaini na moja si mtu, Rucha! Huyo binti aliolewa zamani, akarudi kwao. Kuna shoga yake anamwitikia."

"Acha uongo wako. Ile sauti haijakosa hata siku moja."

"Ndiyo hapo sasa! Mtu wa kweli angekosa, walau augue mafua."

Arobaini na moja alikuwa Vaidehi. Mafua aliyaugua, tena mara mbili, akaenda hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na wa kumwitikia.

"Haya, tuwekeane dau la chai na vadapau, ule mkate wa kiazi," Rucha alisema. "Leo tukisikia sauti, tunageuka."

"Geuka peke yako. Utaona kiti kitupu."

Basi likasimama langoni mwa chuo, wakashuka wakibishana. Vaidehi hakuinuka. Kondakta akamwinamia.

"Binti wa chuo, upo?"

"Nipo," alijibu upesi, kwa sauti ile ile ya darasani.

Mwaka mzima, huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita huku akimtazama.