Alimasi wa Pompa na Pisine Asimoogelea

Tarehe 31 Desemba 1959, baada ya miaka ishirini na miwili kwenye pompa ya maji ya pisine, bwawa la kuogelea la mji wa Kasongo, baba Alimasi Lukumani atarudisha ufunguo wake na kwenda zake Nyangwe. Sisi wenzake wa kazi za mji tunaagana naye, na tuseme kweli, hatuna furaha.

Alizaliwa huko huko Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, mahali ambapo watoto huogelea kabla ya kujua kuvaa viatu. Mwaka 1937 alipewa kazi ya kutunza maji ya pisine kwa sharti moja: asiingie humo. Pisine ilikuwa ya Wazungu. Aliomba kwa adabu zote aruhusiwe kuogelea walau asubuhi moja, wenyewe wakiwa bado wamelala. Akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena.

Basi mapenzi yake akayahamishia kwenye pompa. Aliiita mama mkwe, na hakufungua mlango wa chumba chake bila kubisha hodi. Kabla ya kuiwasha aliinywesha maji kwanza, eti mama mkwe hatumikishwi akiwa na kiu. Mkewe, mama Subira, alikuwa akilalamika kwamba huyo mke mwenzie anatunzwa kuliko yeye.

Maji yakipungua nguvu, Alimasi alisafisha kikapu cha kunasa takataka, akaosha chujio, akabana viungo vya bomba ili hewa isipenye. Vyote vikiwa vizima, basi tatizo liko chini kabisa, kwenye mdomo wa bomba unaovuta maji. Hapo ndipo vilipoanza vituko. Kwa kuwa mtu mweusi hakuruhusiwa majini, pisine nzima ilimwagwa ili ashuke kwenye sakafu kavu, atoe jani moja tu, kisha waogeleaji wangoje siku nyingi ijae upya. Na lawama za kungoja? Zake.

Mwezi wa nane mwaka huu kamati ya pisine ilitangaza kwamba pisine itafunguliwa kwa watu wote. Asubuhi ya sherehe, watoto wamejaa mlangoni, maji yakawa yanatoka kama ya birika. Wasioutaka ufunguzi huo wakaanza kusema uahirishwe. Alimasi alikagua kila kitu, akaona hakuna muda wa kumwaga. Akazima pompa, akavua shati, akajitosa. Lo, mzee yule! Aliibuka na kofia ya mpira ya kuogelea iliyokuwa imeziba ule mdomo. Kazi ya pumzi moja tu. Akashika ukingo, maji yakimtiririka usoni, akasema polepole:

"Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunamwanga maji bule."

Akapanda, akaenda kuiwasha pompa.

Watoto waliogelea siku nzima. Tulimsihi aingie nao, akakataa, maana pompa ilikuwa bado inakohoa hewa na ilitaka mtu karibu. Alisema ataogelea Jumapili. Kabla ya Jumapili hiyo kamati ikaifunga pisine, eti matengenezo, na hadi leo kufuli liko pale pale. Inatuuma sana.

Baba Alimasi, asante kwa miaka yako yote. Msalimie mama Subira, umwambie yule mwenzie amebaki bila wa kumbishia hodi. Mungu awape afya na usingizi mzuri. Na ukifika Nyangwe, mizigo ingoje nje. Shuka Lualaba kwanza, uogelee mpaka uchoke. Huko hakuna wa kumwomba ruhusa.