Maman Eulalie na Saa za Mzee Willy

Tarehe 28 Juni 2024, Maman Eulalie Bulonza anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi yetu ya upelelezi hapa Bukavu. Aliingia akiwa mpiga chapa, anatoka akiwa inspekta mkuu. Tunavyojua sisi, alichelewa kazini mara moja tu, siku mvua ilipobeba ngazi za mtaa wake kule Nyamugo. Alifika saa tatu, viatu mkononi, akaomba radhi kwa kila mmoja wetu.

Vijana humwogopa kwa sababu ya kalamu yake nyekundu. Hakuna PV, yaani taarifa ya mahojiano, iliyopita mezani kwake bila kurudishwa walau mara moja. Lakini ukali ule una chanzo chake, na kwa kuwa mimi, Fikiri, nilikuwepo, naomba nikieleze.

Mwaka 2006, Mzee Willy, fundi saa wa Kadutu, alikutwa ameuawa kibandani mwake, saa za wateja zimeibwa. Siku mbili kabla, majirani walimsikia akigombana na mwashi mmoja aitwaye Xavier. Maman Eulalie alimkamata Xavier. Huyo alisema alikuwa kule kijijini Miti akijenga, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna aliyekwenda kuhakikisha, na kila mtu alitaka faili limalizike. Mkubwa wetu alimsifu Maman kwa haraka yake. Korti ikampa Xavier miaka kumi na miwili.

Faida, mke wa Xavier, alikuja ofisini kila Jumatatu. Hakulia wala hakugombana. Siku moja alimwambia Maman Eulalie maneno haya tu:

“Maman, uliuliza kila mutu wa Kadutu. Kule Miti, uliuliza nani?”

Jumamosi iliyofuata Maman alipanda basi kwenda Miti. Kwenye ngazi mpya ya kanisa dogo alikuta saruji iliyoandikwa kwa kijiti jina la Xavier na tarehe ya mauaji. Waashi watatu walimweleza kwamba Xavier alifika siku moja kabla ya mauaji, akalala nao hadi mwisho wa wiki. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Jumatatu yake alimwandikia mwendesha mashtaka kwamba amefunga mtu asiye na hatia, na kwamba kosa ni lake mwenyewe. Mkubwa wetu alimtaka aiondoe barua ile. Alikataa, akahamishiwa chumba cha mafaili. Naye mwendesha mashtaka akajibu kwamba bila muuaji mwingine hakuna la kufanya.

Basi akamtafuta muuaji. Mjane wa Mzee Willy alimwonyesha daftari la marehemu. Kila saa aliyoitengeneza, mzee aliikwangulia namba ndogo ndani ya kifuniko cha nyuma. Maman alinakili namba za saa zilizoibwa, na kila siku ya mapumziko akawapelekea mafundi saa, kuanzia Bukavu hadi Uvira. Wengine walimcheka. Baada ya miezi kumi na moja, fundi Abedi wa Sange alipiga simu. Namba moja ilikuwa mbele yake, na mwenye saa, dereva wa pikipiki aitwaye Hugues, angeirudia kesho yake.

Alitukuta Maman na mimi tumekaa kama wateja. Alipojua sisi ni nani, Hugues alirukia pikipiki yake. Ufunguo ulikuwa tayari mfukoni mwa Maman. Hugues akakimbia kwa miguu, nami nikamfuata hadi shamba la mpunga, nikaanguka kifudifudi kwenye tope. Watu wa soko ndio waliomkamata, na mawe yalikuwa yameshaokotwa. Maman Eulalie alijipenyeza katikati, akasimama mbele ya Hugues.

“Musimupige,” alisema. “Mimi nilishafunga mutu bila kuuliza vizuri. Huyu ataongea mbele ya juge.”

Mawe yalirudi chini, moja moja. Nyumbani kwa Hugues tulikuta saa nyingine nne, na mbele ya hakimu alikiri.

Xavier alitoka gerezani baada ya mwaka mmoja na miezi mitano. Maman alimngoja mlangoni, akaomba msamaha mbele ya Faida. Xavier alimshika mke wake mkono, wakaondoka. Maman alisema ana haki ya kukasirika. Miaka mitatu baadaye Xavier alikuja mwenyewe ofisini, kofia mkononi, kumwomba awe mama wa ubatizo wa binti yao, Nsimire. Ndiyo mara pekee tuliyomwona inspekta wetu akilia kazini.

Maman Eulalie, umetufundisha kurudi nyuma pale tulipokosea, hata mkubwa akinuna. Wako watu wanaolala kwao leo kwa sababu ulirudisha PV zetu. Aksanti kwa kalamu ile, aksanti kwa subira yako. Nenda ukapumzike vizuri kati ya wajukuu wako. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya kuamka bila faili lolote kukungoja.