Madirisha Mawili ya Makaa

Kijiweni kwetu, barabara moja nyuma ya Joubert Park, tunakalia kiti cha nyuma cha teksi iliyokufa zamani. Kimeegemezwa uwani kwa Pandu, katika nyumba kuukuu iliyosahauliwa katikati ya maghorofa. Mimi nauza kahawa, kwa hiyo nasikia yote na hakuna anayeniuliza lolote, jambo linaloniudhi sana. Wiki hii mjadala ni mmoja tu. Mama yake Pandu anaingia kesho kutoka Unguja, hajawahi kuonja baridi ya Joburg, na mwanawe ameapa kwamba hatatetemeka. Kanunua makaa ya mawe pikapu nzima. Sasa anayajengea banda. Yeye anapigilia misumari, wenzake wanakunywa na kutoa ushauri.

— Haya si kama mkaa wetu wa nyumbani, akasema Luqman. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kubeba zege mahali. — Haya yana gesi. Ukiyafungia yanajiwasha yenyewe.

— Yanajiwasha kwa nini? akauliza Pandu, msumari mdomoni.

— Kwa hasira.

Fiacre, Mrundi anayelinda ghorofa moja mtaa wa Hillbrow, ndiye Komanda wetu. Akatikisa kichwa.

— Mon cher, ndugu yangu, moto si tatizo. Tatizo ni wezi. Hapa mtu anaiba waya na umeme ukiwa ndani. Weka mnyororo, weka miba juu ya paa.

— Komanda, hayo ni makaa, si benki, akasema Pandu.

— Subiri baridi ya Julai, utaniambia.

— Muhimu ni hewa, akasema Injinia. Dirisha ulitoboa?

— Mawili, akasema Pandu. Moja hewa iingie, jingine itoke.

— Bon, akasema Komanda kwa Kifaransa chake. Na mapazia?

— Ya nini?

— Makaa yametoka chini kabisa ya ardhi. Hayajawahi kuona jua. Ukiyaanika ghafla yanashtuka.

— Rangi gani? akauliza Pandu, na hakuwa anatania.

— Kijani. Inatuliza.

— Pazia halitoshi, akasema Injinia. Yalaze kwa safu, kichwa kielekee kaskazini.

— Makaa yana kichwa?

— Kwani wewe umeyachunguza?

Nikamimina raundi nyingine ili nisicheke. Pandu akaweka nyundo chini.

— Nyie tanieni tu. Nilipokuwa mdogo, masika mama alikuwa ananifunika kanga yake, yeye analowa. Tangu nije huku sijamwona. Akipiga chafya moja kwangu, sitajisamehe.

Hapo tuliona aibu kidogo, hata Komanda.

Ndipo akatoka ndani Clémence, aliyehamia chumba cha jirani juzi tu. Alikuwa akimsaidia Nasra, mke wa Pandu, kuandaa chumba cha mgeni.

— Papa Pandu, chumba cha mama kiko tayari. Dirisha tumelipigilia plastiki, chini ya mlango tumeziba na matambara. Upepo hauingii hata kidogo.

— Sharp, safi kabisa. Mbaula nitaiweka karibu na kitanda chake.

Mbaula ni debe tupu la rangi lililotobolewa matundu, ndimo makaa yanamowashwa. Pandu alikuwa amelisugua mpaka linang'aa. Clémence akaliangalia lile debe, kisha akaligeukia banda.

— Na haya madirisha mawili ni ya nani?

— Ya makaa, akasema Injinia. Yana gesi, dada. Lazima yapumue.

— Hata kabla hayajawashwa?

— Hata kabla.

— Basi yakishawashwa mle chumbani, mama atapumulia wapi?

Injinia akachungulia kikombe chake. Komanda akasema bon, akaishia hapo. Nikainamisha birika nimmiminie mtu yeyote kitu chochote, likatoa matone mawili.

— Si alale bandani, akanong'ona Injinia.

Pandu akatoa msumari mdomoni, akaokota nyundo, akaingia ndani. Tukasikia misumari ya dirisha la mama iking'olewa mmoja mmoja. Plastiki ikaanguka, uso wake ukatokea dirishani, umelowa machozi. Akaniangalia mimi.

— Ami, unamjua anayeuza mablanketi mazito?

Nikamwambia namjua, nikabeba birika langu tupu na kumpeleka.