Mlango wa Baba Yake

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, bibi mmoja mshona nguo alikuwa amekodolea macho gemu kwenye simu. Kinyozi aliyekaa naye akachungulia. "Bibi, mbona huingii mlango huo?"

"Humo yumo baba yake. Huyu ninayemchezesha ni nusu mnyonya damu, upande wa baba. Gemu inataka amuue mzee. Mwezi mzima nimegoma."

"Lakini mzee mwenyewe anakunywa damu za watu!"

"Wa kwako hanywi kitu?"

Kinyozi akakohoa. Kikohozi hicho nakijua. Hata mimi nina baba.

"Lete, nimmalize mimi," akasema, akapokea simu, akafungua mlango kwa mbwembwe.

Basi likasimama kituoni. Kinyozi alikuwa bado anapapasa kioo. "Bibi, kitufe cha kumpa shikamoo kiko wapi?"