Miaka Thelathini na Mmoja ya Kushika Kidevu

Mama Kidevu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha Kiingereza katika Chumba Namba Nne kwa miaka thelathini na mmoja. Anaondoka akiwa na afya njema kuliko meza zake, ambazo zote zimebonyea pembe ya kulia.

Jina alilipata kazini. Ukitaka kujua neno lina silabi ngapi, alifundisha, weka kiganja chini ya kidevu ulitamke: kila kidevu kikishuka, hesabu moja. Kisha gonga meza, kwa nguvu pale penye mkazo. Maneno mawili yaliyounganishwa kuwa moja, kama newspaper au grandmother, kwa kawaida hugongwa kwa nguvu mwanzoni: KO-ko-ko. Wanafunzi walielewa. Mwalimu wa hisabati wa chumba cha jirani alinunua pamba za masikio.

Mwaka wake wa tisa, nusura mbinu hiyo imponze. Katika mtihani wa taifa, msimamizi kijana kutoka shule nyingine alikuta watahiniwa arobaini na wawili, wamefika swali la mkazo, wameshika videvu, wanagonga meza. Akaamini wanapeana majibu. Akaandika ripoti ya kurasa tatu. Matokeo yakazuiwa, wazazi wakaja juu, na Mama Kidevu akaitwa mbele ya kamati akijua kazi iko mashakani.

Hakujitetea. Aliwaomba wajumbe watatu washike videvu na kutamka toothbrush. Mwenyekiti, mwenye ndevu za kutosha kujaza mto, alichelewa kidogo kukipata chake. Dakika kumi baadaye kamati nzima ilikuwa ikigonga meza na kubishana kuhusu grasshopper, katibu amesahau kuandika. Matokeo yalitoka kesho yake. Swali lile wote walilipata.

Msimamizi yule alihamishiwa hapa miaka miwili baadaye, kufundisha hisabati chumba cha jirani. Mama Kidevu alimtambua tangu mlangoni. Akamkaribisha chai, akamwonyesha vyoo vilipo, na kwa miaka ishirini hakumwambia mtu habari ya ripoti ile.

Msimamizi yule ndiye anayeandika haya. Dada, nisamehe, nilipaswa kusema siku ile ile ya chai. Pamba nimezitupa.

Asante kwa yote. Tunakutakia usingizi wa asubuhi na wajukuu wasikivu. Jumatatu nitagonga ukuta wako, KO-ko-ko, ingawa najua hakuna atakayejibu.