Matanga ya Picha

Basi lilipoondoka Busia, Benedetta alijifanya amelala, maana usingizi wa basini ndio unaosikia vizuri. Mwaka ule ulikuwa wa sabini na tatu. Kwenye kiti cha mbele, mzee mwenye koti jeusi alikuwa akimfokea mama asiyemjua kuhusu maonyesho ya Ongodia, mchoraji aliyekimbia kutoka Uganda, katika ukumbi wa kanisa.

"Mwanaume mzima anachorwa amekaa chini, analia! Na nyinyi wamama wa Busibwabo mnaleta unga, mnapiga nduru! Unga, kwa picha!"

"Mzee, mtu akilia unampelekea unga. Ulitaka tumuulize kwanza kama yeye ni rangi?"

"Na aliyekufa ni nani?"

"Hatukuambiwa. Tulilia tu, kila mtu na wake."

Mzee alicheka kwa dharau. Yeye, alisema, alimzika mkewe mwezi jana na hata chozi halikumtoka. Watu walimsifu sana. Benedetta aliwaza kwamba bila shaka marehemu naye alifurahi.

"Sasa wewe ulienda pale kufanya nini?"

"Kuona ujinga."

"Tangu asubuhi mpaka jioni?"

Mzee akageukia dirisha. Basi liliposimama Matayos, alishuka bila kuaga mtu. Usingizi ulikuwa umemwisha Benedetta. Alimwona mzee akinunua mkebe wa unga wa wimbi, akivuka barabara, na kusimama upande ule kungojea basi la kurudi Busia.