Mashamba ya Lisnabo Yana Majina

Mheshimiwa Padre, akina mama viongozi wa parokia, ndugu wanakwaya, wageni waalikwa, nanyi wanafunzi wa Kenya mliowahi viti vya karibu na sufuria: kabla ya lolote, nimepewa heshima ya kutoa tangazo zito. Ndama wa Lisnabo, aliyepotea tangu Pasaka, amepatikana ng'ambo ya kijito. Yuko hai, amenenepa, na hajutii chochote.

Naona mnapiga makofi. Nani hapa Durban hakumwombea ndama huyo? Kila Jumapili baada ya misa, Sista Bernadette alitupasha habari za Lisnabo, kitongoji chao huko Ireland, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kitongoji chenyewe ni nyumba nne na kilima! Peguy, muuza simu wetu, hakumwacha: "Masœur, kwenu hata robot ya kusimamisha magari haiko?"

"Ya nini, Peguy? Gari iko moja, na dereva ni kaka yangu."

Mimi Léonard, kinyozi ambaye kichwa changu mwenyewe hakinipi kazi, nilidhani ni mzaha tu. Kumbe kule kila shamba lina jina: Shamba la Mjane, Shamba la Upepo, Mguu wa Bata. Zamani njaa ilimaliza watu, mwenye ardhi akabomoa mapaa ya waliobaki, na wachache waliorudi hawakuwa na kitu mkononi ila yale majina. Waliyataja jioni wakirudisha ng'ombe, na watoto wakayashika. Je, si hivyo ndivyo mahali panavyokuwa kwenu?

Ndiyo dawa Sista aliyompa Marcelline. Mnakumbuka alivyofika kutoka Uvira, akakaa darasani kwa Sista bila kufungua kinywa? Sisi sote tulimwuliza habari za vita. Sista akamwuliza, "Shamba la mama yako liliitwaje?" Marcelline akalitaja, akataja la jirani, na la jirani wa jirani, mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Sasa kaka yake Sista amefariki, na jiko lake ndilo lililokuwa la mwisho kuwaka Lisnabo. Likibaki baridi, kampuni ya mbao itapanda misonobari kuanzia kilimani hadi kijitoni, na nani atajua Shamba la Mjane lilianzia wapi? Sista, na magoti yake hayo mabovu, amesema halitabaki baridi: anarudi kuliwasha mwenyewe.

Tangazo la parokia linasema anastaafu. Niseme yaliyotokea. Jumanne tulikwenda kwake kumzuia. Peguy alibeba hoja, mimi mkungu wa ndizi, na Marcelline tulimpa kazi ya kulia. Nikaanza: "Sista, sisi unatuachia nani?" Tukamtazama Marcelline: haya, lia!

"Eish, bapapa, munyamaze! Miye siwezi kurudi kwetu. Yeye anaweza. Nani atamukataza?"

Marcelline akapiga magoti, akaanza kukunja masweta ya Sista. Basi ukweli ndio huo, ndugu zangu: tulikwenda kumzuia, tukamfungia sanduku. Peguy alilikalia ili lifungike, mimi nikavuta mikanda, na Sista akatufundisha majina ya mashamba yote, moja baada ya jingine, hadi tukayashika.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sista, nenda ukawashe moto.